Robo saa ya kukifikiria kifo chako bila kuingia wahka

Wengi wanaosema huwa wanafikiria sana kufa hawafikirii kitu, wanazunguka tu. Saa nane usiku wazo linaingia, moyo unaenda mbio, mtu anashika simu na kuperuzi mpaka usingizi umchukue. Kesho yake wazo liko palepale. Kutafakari ni kazi nyingine: ina muda wa kuanza na kuisha, inatazama jambo mahsusi, na inaishia kwenye kazi ya mkono.

Hilo la umahsusi ndilo zito zaidi. Mwaka 1989 mahakimu 22 wa Tucson, Arizona, Marekani, waliombwa kupanga dhamana ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba. Waliotangulizwa maswali mafupi kuhusu kifo chao walipanga wastani wa dola 455; wenzao, dola 50. Watafiti walieleza kwamba wazo la kifo likikugusa juujuu kisha likazama, unang'ang'ania kanuni za kundi lako na kumkaripia anayezivunja. Usiyachukue matokeo hayo kama msahafu: majaribio ya aina hii yaliporudiwa na maabara nyingi kwa pamoja, athari haikuonekana. Ila mwaka 2004 mwanasaikolojia Philip Cozzolino na wenzake walijaribu njia nyingine. Waliwapa watu tukio zima, umeamka usiku ghorofani na moshi umejaa chumba, kisha wakawauliza maisha yao yalikuwaje na jamaa watalipokeaje. Wapenda mali waliopitishwa njia hiyo walipunguza uroho.

Pwani jambo hili si geni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa kale Al-Inkishafi, hauambii moyo wake kwamba dunia inapita na kuishia hapo. Anauonyesha majumba ya Pate, kisiwa cha Lamu, yaliyobaki magofu, na vidaka vilivyokuwa vya sahani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Fanya vivyo hivyo kwa nyumba yako.

Kwanza jipime. Kama uko katika wiki za mwanzo za msiba, au hujalala vizuri siku kadhaa, ahirisha. Na kama wazo la kufa linakuja kama nafuu, au umeshaanza kuwaza njia ya kufanya hivyo, zoezi hili si lako: mwambie mtu wa karibu sasa hivi na mfike hospitali leo.

Chagua saa ya mchana, mfano baada ya alasiri, na kamwe si kitandani, maana mwili utajifunza kuwa kitanda ni mahali pa hofu. Kaa kwenye kiti, miguu chini, daftari na kalamu mkononi. Weka kengele ya dakika 15, kisha ilaze simu kifudifudi.

Dakika tatu za mwanzo, andika unachoogopa hasa. "Naogopa kufa" haitoshi. Ni maumivu? Ni watakaobaki? Ni hesabu mbele ya Mungu? Ni kazi iliyobaki nusu? Au ni kule kutokuwepo kwenyewe? Tenganisha, kwa sababu kila moja ina mlango wake. Maumivu yaulizie kwa watoa tiba shufaa, yaani wanaotuliza maumivu ya wagonjwa mahututi. Hesabu ipeleke kwa shehe au padri. Watakaobaki wanahitaji karatasi kuliko machozi. Kutokuwepo ndiko pekee kunakobaki kwa tafakuri tupu, na mara nyingi hofu hiyo ni ndogo kuliko ulivyodhani ukishaondoa zile nyingine.

Dakika saba zinazofuata, andika siku ya pili baada ya mazishi yako, kwa wakati uliopo na kwa majina ya watu. Turubai bado limefungwa, viti vya kukodi vinahesabiwa, shangazi anauliza sukari iko wapi. Simu yako inaita chajini na hakuna anayejua namba ya siri. Anakuja mtu wa kikoba na kutaja mkopo ambao mkeo au mumeo hakuwahi kuusikia. Ukakasi ukikupata hapo, umefika. Usianze na kitanda cha hospitali wala jeneza. Kwa mtu mgeni picha hizo hupandisha hofu haraka mno, na akili inafunga mlango.

Jipe alama za hofu, 0 hadi 10. Kati ya 4 na 6 panafaa. Ikifika 8, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, dakika mbili, huku ukitazama vitu vilivyo mbele yako. Usikimbie hofu ikiwa kileleni: mwili utasadiki kwamba ulikuwa hatarini kweli. Subiri ishuke kidogo, ndipo ufunge daftari.

Dakika zilizobaki ni za kazi moja ndogo: orodha ya madeni na amana, au simu kwa ndugu mliyenuniana. Wosia hauishi kwa kikao kimoja, uanze tu. Kwa sheria ya Kenya wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na si busara shahidi awe mrithi. Kwa Waislamu wasia hauzidi theluthi ya mali.

Zoezi likiharibika, mara nyingi ni kwa sababu mtu ameanza kujipimia machozi: nani atalia, nani atajuta. Utamu huo ni wa kujihurumia tu. Jiulize watakuwa na kazi gani ya kufanya, si watasikia nini. Wengine huishia kubonyeza tezi na kutafuta dalili mtandaoni. Hapo simamisha, na kama dalili ipo kweli nenda kwa daktari. Asiyehisi lolote kwa kawaida ameandika kwa jumla mno. Aandike viatu vyake vilivyobaki mlangoni, na nani atavivaa.

Mara moja kwa wiki inatosha. Uamuzi mkubwa uliozaliwa humo, kama kuacha kazi au kuuza kiwanja, ulaze wiki nzima kabla ya kuutamka. Wazo likirudi usiku, andika neno lake moja kwenye daftari, taja siku ya kikao kijacho, ulale.