Kabla ya Kununua Miche, Uliza Mti Mama Uko Wapi

Anza na shamba, bei ije baadaye. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban 1,850. Avokado ya Hass inayonawiri Nakuru huzaa matunda madogo kwenye joto la kando ya ziwa, na mwembe unaopenda Kisumu utadumaa Nakuru kwa baridi. Muuzaji asiyekuuliza utapanda wapi, mwache.

Mboga hazina maneno mengi. Sukuma wiki na nyanya zichukue zikiwa na wiki 4 hadi 6, majani halisi manne (usihesabu yale mawili ya kwanza ya mbegu), kimo sentimita 10 hadi 15, shina la kujishikilia lenyewe. Mche mrefu mwembamba umekosa jua. Wenye maua umepitwa na wakati. Lipia mmoja, ung'oe, tazama mizizi: vinundu ni minyoo ya udongoni, na ikishaingia kwako kuitoa ni kazi. Miche ya trei ni ghali kuliko ya kung'oa tutani, lakini haikuletei udongo wa mtu mwingine. Mnyauko wa bakteria husafiri na udongo huo, hauna dawa ya kunyunyizia, na ukitoka kwenye nyanya huhamia viazi. Wakulima wa viazi wa Molo wananielewa.

Ndizi: magharibi kuna mnyauko wake, kwa hiyo chipukizi la bure kutoka shamba usilolijua liache huko huko. Nunua miche ya maabara iliyokwisha kuzoeshwa jua, kimo kama sentimita 30.

Miche ya matunda ndiyo inayoliza watu. Unaonyeshwa kovu kwenye shina la avokado, bado limefungwa plastiki, unaambiwa ni grafti, yaani mche uliobebeshwa kijiti cha mti mwingine, unalipa. Kovu peke yake si ushahidi. Mche wa mbegu unaweza kuchanjwa kisu na kufungwa vilevile. Fungua utazame. Kwenye grafti ya kweli utaona alama ya mche wa chini ulipokatwa kichwa, na mara nyingi gome la juu na la chini hutofautiana rangi au unene. Hata hapo bado hujamaliza. Kijiti kilichokatwa kutoka mti mchanga wa mbegu ambao haujawahi kuzaa hubaki na utoto wake: kinashika vizuri, kinarefuka, kinakupa kivuli, maua yanakawia miaka. Grafti nzuri huanza kuzaa mwaka wa 3 hivi. Mche wa mbegu hungoja miaka 5 hadi 7 au zaidi, na tunda lake haliwi Hass. Kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, ekari huchukua miti kama 160. Punguzo la shilingi 100 kwa mche usiojulikana ulikotoka ni 16,000 mfukoni leo, halafu mwaka wa 4 huenda una miti 160 uliyoitilia samadi na kuimwagilia, ya kung'oa au kukata na kubebesha upya. Kwa hiyo sema bila haya: nionyeshe mti mlikokata vijiti. Kitalu kinachojua kazi kina miti mama inayozaa, au karatasi inayosema vijiti vilitoka wapi. Pasheni ya zambarau nayo uliza kama imebebeshwa juu ya ile ya manjano, inayovumilia mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu ya udongoni.

Mizizi iliyotoboa mfuko na kujizungusha chini, acha. Mti huo ukishaanza kuzaa utaangushwa na upepo.

Vitalu vya barabarani si vibaya vyote, ila omba cheti cha usajili na risiti yenye jina la aina. Kama unaweza kungoja, ulizia KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kule Njoro au Kakamega. Kwa miti ya mbao na kivuli, nenda KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, Maseno au Londiani. Weka oda kabla ya mvua za Machi, la sivyo utabakiziwa masalio.

Siku ya kubeba miche, imwagilie kwanza, funika kwa gunia bichi, usiipandishe kwenye keria ya matatu saa saba mchana. Ukifika, iweke kivulini mbali na mimea yako, siku 7 hadi 14, ukigeuza majani kila asubuhi kutafuta nzi weupe na vidukari.