Stata ikilia "ta!" tu, pima rilei kabla ya kununua betri

Ndugu zangu wa bajaji hapa Dodoma, ukibonyeza stata ikalia "ta!" na injini isizunguke, usikimbilie dukani. Anza na rilei ya stata, yaani kile kifaa kinachopitisha moto wa betri kwenda kwenye mota ya stata ukibonyeza.

Ina nati mbili kubwa: moja inapokea waya mnene wa chanya kutoka kwenye betri, nyingine inapeleka moto kwenye mota ya stata. Nyaya nyembamba ni za swichi ya kubonyezea stata. Weka gia fri, multimita (kipima umeme) iwe kwenye volti za DC, kisha gusisha ncha moja kila nati. Itasoma kama volti 12. Sasa mwenzako abonyeze stata: namba inatakiwa ishuke karibu na sifuri. Ikilia "ta!" na bado inasoma 12, vigusio vya ndani vimeungua, badilisha rilei. Ikishuka vizuri lakini mota imegoma, pima betri yenyewe huku stata imebonyezwa. Chini ya volti 10 imechoka. Betri ikiwa nzima, fuata waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Vumbi letu hili la kiangazi hujazana chini ya nati ile pamoja na kutu, kwa hiyo fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza.

Wakati wa kufunga rilei mpya, toa kwanza waya wa hasi wa betri, na uurudishe mwisho kabisa. Na ule mtindo wa kuunganisha nati mbili kwa bisibisi uacheni jamani: cheche zinaruka karibu na petroli, na gia ikiwa imeingia bajaji inaondoka na mtu.