Laptopu yenye Windows na Ubuntu: apdeti ikigoma

Apdeti ya Windows imefika asilimia 30, laptopu imejizima na kujiwasha, na ukirudi unakuta Ubuntu inakusubiri. Apdeti haina kosa. Windows hujizima na kujiwasha mara mbili tatu kabla ya kumaliza, na kila ikiwaka hupitia menyu ya GRUB, ile ya kuchagua uingie Windows au Ubuntu. GRUB husubiri sekunde 10. Isipoguswa huingia mfumo wa juu kwenye orodha, ambao kwa kawaida ni Ubuntu. Wewe umetoka kufuata urojo.

Kwa sasa iwashe upya, chagua Windows, uiache imalize. Kisha uifundishe GRUB ikumbuke ulichochagua mara ya mwisho. Ndani ya Ubuntu fungua terminali:

sudo nano /etc/default/grub

Weka GRUB_DEFAULT=saved, na chini yake GRUB_SAVEDEFAULT=true. Hifadhi, halafu sudo update-grub. Kama Windows haionekani kabisa kwenye menyu, ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kabla ya amri hiyo ya mwisho.

Windows ikikataa kwa namba 0xc1900104, au ikisema haiwezi kusasisha patisheni (kipande cha diski) ya mfumo, basi nafasi imekwisha. Hapa wengi hufuta picha na video kwenye diski C, kazi bure. Iliyojaa ni patisheni ndogo ya EFI, yenye mafaili ya kuwashia mashine, ambayo mara nyingi Windows huitengeneza kwa MB 100 tu, na Ubuntu nayo imehamia humo humo. Ukiwa Ubuntu, ipime kwa df -h /boot/efi. Ipate angalau MB 15 za wazi. Pa kuanzia kufuta pasipo na hatari ni mafaili ya fonti yaliyomo EFI/Microsoft/Boot/Fonts. Folda ya ubuntu na ile ya Microsoft yenyewe usiziguse. Ukizifuta laptopu haiwaki.

Upande wa Ubuntu adui mkubwa ni umeme. Ukikatika katikati ya apdeti na betri imechoka, vifurushi vya programu hubaki nusu nusu na apt, kisakinishi cha Ubuntu, inagoma kila ukiijaribu. Umeme ukirudi:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ikilalamika /boot imejaa, sudo apt autoremove --purge huondoa kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Ukisoma "Temporary failure resolving", usianze kuchokoa mfumo: angalia bando kwanza. Kwenye Windows pia, hotspoti ya simu ikiwekwa kama mtandao wa kupimwa (metered), apdeti nyingi hazishuki.

Saa nayo husumbua. Ni saa nne asubuhi Chake Chake, Ubuntu inaonyesha 13:00. Windows huandika saa ya hapa kwenye ubao wa mashine, Ubuntu huisoma kama UTC, saa ya kimataifa, na kuongeza saa 3 nyingine. Amri timedatectl set-local-rtc 1 inamaliza mzozo. Ubuntu itatoa onyo kuhusu kubadili saa kwa majira, lakini sisi hatusogezi saa, kwa hiyo lipuuze. Ikiwa tarehe inarudi nyuma miaka, hilo ni betri dogo la ubaoni, na apdeti zinaweza kukataliwa hadi ulibadilishe.

Kuna pia apdeti inayofanikiwa kisha ikamfukuza mwenzake. Agosti 2024 apdeti ya Windows iliziacha laptopu nyingi zikigoma kuwasha Linux (familia ya Ubuntu), kwa maneno "Verifying shim SBAT data failed". Zima Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo unaowashwa, kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya mfumo kuwaka), ingia Ubuntu, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, washa upya na uingie Ubuntu tena, kisha rudisha Secure Boot. Ila kabla ya kugusa BIOS, ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu na unakili ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, kama diski imefungwa nao. Windows ikiona Secure Boot imebadilika inaweza kuudai, na bila tarakimu zake 48 mafaili hayafunguki.