Kutazama ndege za kivita Holbeach

Tangu nihamie Lincolnshire, likizo zangu huishia Holbeach, uwanja wa shabaha wa jeshi la anga la Uingereza kwenye ghuba ya The Wash. Kwanza soma ratiba ya mazoezi, serikali huitoa mtandaoni. Kisha nenda kijiji cha Gedney Drove End, upande tuta la kuzuia bahari. Bendera nyekundu ikipepea, uwanja unatumika: baki juu ya tuta. Nasisitiza, usishuke kwenye matope hata maji yakiwa yamekupwa, na chuma chochote utakachokikuta usikiguse.

Nenda alasiri, jua liwe mgongoni, maana asubuhi linakupiga machoni. Ndege ikija kasi, usiitafute pale unaposikia mngurumo. Sauti iko nyuma yake, basi tupa macho mbele. Mimi nilikosa Typhoon tatu, ndege za kivita za Waingereza, kabla ya kulielewa hilo. Mzinga wa Typhoon wa milimita 27 hulia kama kaniki inayochanwa, mara moja, kwisha. Hapo mwili mzima hunisisimka mpaka leo. Ndege za F-15 za Wamarekani hutoka kambi ya Lakenheath, injini mbili, mikia miwili.

Beba vizibo vya masikio, darubini, koti zito na chai ya tangawizi kwenye chupa. Upepo wa pale hauna huruma, hata Julai.