Valvu ya kutoa hewa kwenye draisuti: ikae wapi mkononi

Ndugu zangu wazamiaji wa Malindi na Watamu, maji yetu hayana baridi ya kuvalia draisuti, ile suti ya kuzamia isiyoingiza maji na ambayo ndani yake unatia hewa, kaskazi joto la bahari linafika nyuzi 29 na wetisuti nyembamba yatosha. Lakini vijana wetu wanapata kazi za kuzamia huko Ulaya, wakija likizo wanakuja na draisuti za mitumba niwarekebishie, na shida ninayoiona sana ni hii: suti ilishonewa mtu mrefu, mkono umezidi, basi valvu iliyokuwa karibu na bega la mwenyewe wa kwanza kwako inashuka mpaka kwenye kiwiko. Hapo haifanyi kazi yake.

Na kazi yake si ndogo. Mita 30 presha ni mara 4 ya ile ya juu, ukiwa na lita 4 za hewa ndani ya suti na usiitoe, ukifika juu zimekuwa 16. Mita 10 za mwisho ndo hatari zaidi mana hapo hewa inajiongeza mara mbili, unaanza kupanda na hujizuii tena, mapafu yanaumia, gesi inatoka mapovu kwenye damu. Hewa hukimbilia pale palipo juu kwa wakati huo, kwa hivo valvu lazima iwe ndo mahali pa juu kabisa ukiinua mkono. Kila kinachofuata kinatoka hapo.

Hatua ya 1. Vaa kila kitu. Nguo za joto za ndani, suti, jaketi la kuelea na mtungi wake, mikanda ukaze vile unavyokaza baharini. Usikubali fundi akupimie suti ikiwa imelazwa mezani, ukishavaa kitambaa kinavutwa na nguo za ndani zinakijaza, alama yote inahama.

Hatua ya 2. Mkono ni wa kushoto, upande wa nje, kati ya bega na kiwiko, ila karibu na bega zaidi. Kushoto kwa sababu bomba la kutolea hewa ya jaketi nalo liko upande huo, unainua upande mmoja unatoa zote mbili, na mkono wa kulia unabaki huru kuja kuizungusha valvu. Sasa kunja kiwiko ukiinue kwa upande kama kuku anavyoinua bawa, kiganja kining'inie chini. Mwenzio atie chaki pale palipo juu kuliko kwengine kote. Kiganja kisiwe juu jamani, ukikiinua hewa inakimbilia kwenye mpira wa kifundo cha mkono inatokea huko, na maji yanaingia.

Hatua ya 3, na hii ndo watu wanairuka. Lala kifudifudi kwenye benchi, magoti umeyakunja, kichwa juu kidogo, yaani vile unavyokaa majini, alafu mwenzio akutilie hewa kidogo kwenye suti. Utaona inajikusanya mgongoni. Shusha bega la kulia, inua la kushoto, hewa itahamia mkono wa kushoto, angalia inafikia wapi. Mara nyingi ile chaki itabidi isogee nyuma kidogo. Ikiwa mbele sana hewa ya mgongoni inabaki, ikiwa nyuma sana mkono wa kulia hauifikii. Mkanda wa jaketi nao usiiguse hata ukijinyoosha, mkanda ukiikalia inaweza isitoe kabisa.

Hatua ya 4. Vaa glavu nene za kazini, fumba macho, peleka mkono wa kulia uifikie alama. Usipoifikia bila kuhangaika sogeza chaki.

Hatua ya 5. Ukishavua, hakikisha alama haiko juu ya mshono, valvu inataka mahali bapa. Suti za trilamineti, yaani za kitambaa cha tabaka tatu, bandika kiraka cha kuimarisha kwanza, gundi ikauke vizuri, alafu toboa tundu dogo kuliko unavyodhani, unaweza kuliongeza lakini huwezi kulipunguza. Gasiketi, yaani ule mpira wa kuzuia kuvuja, iwe mahali pake, kaza kwa mkono. Tundu la zamani liwekee kizibo chake au kiraka ndani na nje. Nguo ya ndani nayo iangalie, kitambaa kizito kikinyonywa kwenye valvu kinaiziba, pale weka kipande cha wavu.

Hatua ya 6. Funga shingo na mikono, jaza hewa, pakaa povu la sabuni kuzunguka valvu. Povu likifura panavuja.

Kujaribu majini mimi napenda bwawa la kuogelea, mana mto Sabaki ukimwaga tope ghuba yote inakuwa kahawia na mwenzio haoni mapovu yanatokea wapi. Nenda asubuhi na mapema na ukae muda mfupi, kwa joto letu hizo nguo za ndani zinaweza kukuangusha. Valvu ifungue yote kwa kuizungusha kushoto, tia hewa kidogo, inua kiwiko. Mapovu yatoke pale pale mfululizo. Yakichelewa mpaka ujipinde mwili mzima, rudi hatua ya 3 kabla hujasafiri nayo.