Namna ya Kuendesha Baiskeli Mbali na Magari Katika Vilima vya Chokaa vya Peak District

Sehemu ya kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, katikati ya Uingereza, huitwa White Peak kutokana na weupe wa miamba yake ya chokaa. Juu ni uwanda wa malisho uliogawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na uwanda huo umekatwa na mabonde membamba yenye majabali pande zote. Kwa mwendesha baiskeli, umbo hilo la nchi ni mtihani: barabara itokayo kijiji kimoja hadi kingine hutumbukia bondeni ghafla, kisha hupanda upande wa pili kwa mwinuko wa kumfanya mtu ashuke asukume, huku gari likimsubiri nyuma katika njia isiyo na nafasi ya kupishana.

Dawa yake ni njia za zamani za reli. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walipasua miamba, wakajaza matuta na kutoboa mahandaki ili wapate mwinuko mpole. Reli zilipong'olewa, mwinuko huo ulibaki, nao ndio urithi wa waendesha baiskeli wa leo. Hata hivyo njia hizi hazifanani, na safari nyingi huharibika kwa sababu mtu amechagua njia isiyolingana na baiskeli yake au ameianzia upande usiofaa.

Angalia kwanza matairi yako. Ikiwa una baiskeli ya mbio yenye matairi membamba ya milimita 25, chagua Manifold Way, kwa kuwa ni ya lami. Njia nyingine tatu nitakazozitaja zimetandikwa mawe yaliyosagwa na kushindiliwa, ambayo hupitika vizuri wakati wa kiangazi kwa tairi la milimita 32 au zaidi, lililopunguzwa upepo kidogo, lakini humtesa mwenye tairi jembamba na gumu.

Mgeni ninayemwongoza kwa mara ya kwanza humpeleka Manifold hata kama ana baiskeli ya matairi mapana. Njia hii ina urefu wa kilomita 13 hivi, kutoka Waterhouses hadi Hulme End, na inafuata reli nyembamba iliyofunguliwa mwaka 1904 na kufungwa mwaka 1934, kabla ya kugeuzwa kuwa njia ya watu mwaka 1937. Anzia Waterhouses. Kutoka huko unakwenda kinyume na mkondo wa maji, kwanza kando ya mto Hamps na kisha kando ya Manifold, kwa hiyo unapanda taratibu wakati miguu bado ina nguvu, na kurudi ni kuteremka. Karibu na mwanzo utavuka barabara kuu ya A523. Shuka, uvuke kwa miguu, usione haya.

Ukipita wakati wa kiangazi utashangaa kuona kitanda cha mto kikiwa kikavu, kimejaa majani mapana, na maji hayaonekani. Si ukame. Chokaa huyeyushwa polepole na maji ya mvua hadi mwamba ukapata nyufa na mapango, na mto Manifold, maji yakipungua, huzama ardhini karibu na Wetton Mill na kwenda chini kwa chini mpaka Ilam. Pango la Thor's Cave, ambalo mdomo wake unaonekana juu kabisa ya bonde, ni kazi ya maji hayo hayo. Ukitaka kulipanda, funga baiskeli chini na uvae viatu vyenye kushika, kwani chokaa iliyosuguliwa na nyayo za watu huteleza kama sabuni inapolowa.

Kuna jambo moja la kutahadhari. Kati ya Wetton Mill na Swainsley njia hii inatumiwa pia na magari, na handaki la Swainsley limo katika kipande hicho. Washa taa ya mbele na ya nyuma kabla ya kuingia, na usikilize kwanza kama kuna gari linalokuja. Magari huwa machache, lakini mtu aliyekwisha kuzoea ukimya wa njia ndiye anayesahau kuangalia.

Mwenye matairi mapana na pumzi ya kutosha aende Tissington Trail, yenye kilomita 21 kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1899, na mwaka 1971 ikawa njia ya watembea kwa miguu, baiskeli na farasi. Baiskeli za kukodi hupatikana Ashbourne na Parsley Hay, lakini hakikisha saa za kufungua kabla ya kusafiri, hasa nje ya majira ya kiangazi. Hapa pia ushauri wangu ni kuanzia chini, yaani Ashbourne. Wengi huanzia Parsley Hay kwa kuwa mteremko unawapendeza, kisha jioni, wakiwa wamechoka na upepo unawapiga, hugundua kwamba mwinuko usioonekana kwa macho unahisiwa vizuri sana na magoti.

Beba maji ya kutosha, chupa mbili kwa uchache, kwa maana uwanda wa chokaa hunyonya mvua yote na hauna vijito vya juu. Wenyeji wanajua thamani ya maji: katika kijiji cha Tissington visima hupambwa kila mwaka, kuanzia Sikukuu ya Kupaa, kwa picha zilizotengenezwa kwa petali za maua zilizobandikwa kwenye udongo wa mfinyanzi. Kuhusu chai, fahamu kwamba stesheni zilijengwa pale reli ilipoweza kupita, si pale watu walipoishi. Stesheni ya Hartington, ambayo kibanda chake cha ishara bado kimesimama, iko mbali na juu ya kijiji chenyewe, na kikombe cha chai utakachokinywa huko chini utakilipia mara ya pili wakati wa kupanda kurudi.

Karibu na Parsley Hay, Tissington Trail inaungana na High Peak Trail, yenye kilomita 27 hivi kutoka Dowlow hadi karibu na Cromford. Hii ni reli ya zamani zaidi, iliyokamilika mwaka 1831, wakati wahandisi walipokuwa bado wanavuta mabehewa kwenye miteremko kwa injini za mvuke zilizosimama mahali pamoja. Ndiyo maana upande wa Cromford una miteremko ya kutisha. Ule wa Middleton unashuka takriban mita 1 kwa kila mita 8. Ukifika juu yake, shuka na utembee. Anayekuja kwa treni na kushukia stesheni ya Cromford ajue kwamba atalazimika kuipanda miteremko hiyo kabla ya kuufikia uwanda.

Monsal Trail, karibu na Bakewell, ina kilomita 14 hivi na mahandaki manne yaliyofunguliwa mwaka 2011, kila moja likiwa na urefu wa mita 400 hivi. Taa za ndani huzimwa giza linapoingia, kwa hiyo beba yako, pamoja na koti jepesi, kwa sababu ndani kuna baridi na matone hata siku ya jua kali. Daraja la Headstone lenye matao matano, linalovuka mto Wye, liko mara tu utokapo katika handaki la jina hilo.

Kwenye njia zote endesha kushoto, piga kengele mapema, na ukikuta farasi punguza mwendo na useme neno kwa sauti ya kawaida, kwani farasi hushtushwa na kitu kinachomjia kimyakimya kutoka nyuma.

Ukirudi nyumbani baada ya mvua, usilale kabla ya kuosha baiskeli. Unga wa chokaa ukilowa huwa uji mweupe unaoingia katika mnyororo na kwenye breki, na ukikauka hushika kama plasta na kusaga chuma. Mwagia maji ya kawaida bila kutumia pampu ya nguvu, sugua mnyororo kwa brashi, ukaushe kwa kitambaa, kisha utie mafuta upya.