Kabla hujapeleka faili kwa mchapaji

Ukifungua meza yako ya disaina leo hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, unafanya peke yako kazi iliyokuwa ya watu wanne: mpanga herufi, mbandikaji, mpiga filamu (aliyetenganisha rangi) na mtengeneza bamba la kuchapia. Mimi niliingia kama mbandikaji, nikipanga maandishi na picha kwenye ukurasa, wembe na gundi mkononi. Kisha zikaja programu za kompyuta: PageMaker ilitoka 1985, CorelDRAW 1989, Photoshop 1990. Zilipoenea kwetu, mafundi hao walipungua mmojammoja, lakini kazi zao hazikwenda popote. Zimekuangukia wewe disaina.

Anza na mpanga herufi. Soma kila jina ukifuata kwa kidole. Kwenye kadi ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, Ssemakula ana S mbili, na wazee wa bibi harusi wataiona iliyopungua kabla ya kuona maua uliyoyahangaikia. Kisha geuza maandishi yawe michoro (kwenye Corel ni Ctrl na Q), la sivyo kompyuta ya mchapaji itakuwekea fonti yake. Hifadhi pia nakala inayoharirika, maana mteja lazima abadilishe saa ya sherehe.

Mbandikaji alikuwa akiacha ukingo. Nawe toa rangi nje ya mstari wa kukatia milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu kikikata rundo zima karatasi husogea.

Kwa mpiga filamu usiwe na haraka. Skrini hutoa mwanga wa rangi tatu; mashine ina wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Badilisha faili liwe la wino hizo nne (CMYK) kabla mteja hajaliona, vinginevyo ataipenda buluu isiyochapika. Buluu yenyewe ipunguzie majenta, maana kiasi cha majenta kikikaribiana na cha samawati unapata zambarau. Maandishi madogo meusi yawe nyeusi 100 peke yake. Ukiyachanganya wino zote nne, bamba la wino mmoja likihama kidogo tu, herufi huota vivuli vya rangi na hazisomeki. Picha iwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa itakaochapwa. Iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshabanwa, mwambie mteja aitume tena kama dokumenti.

Ya mtengeneza bamba ni fupi: muulize mchapaji ukubwa wa karatasi ya mashine yake kabla hujaanza kuchora, si baadaye. Halafu toa nakala ya karatasi, mteja aisome na kuweka sahihi. “Sawa” ya kwenye simu usiikubali, hata akiwa shemeji yako.